Mita Kumi na Moja

Jua hurudi Hólseyri, kijiji chetu cha pwani, tarehe 25 Januari, saa saba na dakika nane mchana, ikiwa hakuna mawingu. Linatokea katika pengo la milima upande wa pili wa ghuba, linakaa dakika nne, linaondoka. Kabla ya hapo tunakuwa hatujaliona tangu katikati ya Novemba. Siku hiyo kila nyumba hupika chapati za maji, zikaliwa kwa jamu na krimu, na watu hunywa kahawa wakiwa wamesimama dirishani. Tunaiita kahawa ya jua. Nyumbani kwetu haikuwa imenywewa tangu mwaka 1992. Hakuna aliyeikataza, Dagný, mke wangu, aliacha tu kutoa kikaango, na mimi sikuuliza.

Kwa hiyo Hrefna, binti wa marehemu dada yangu, alipopiga simu kutoka mji mkuu, Reykjavík, mwanzoni mwa Januari 2019 akasema anakuja kwa kahawa ya jua na atamleta mtoto wake, nilijua hafuati chapati. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Tangu aondoke kwetu alikuwa hajakanyaga kijijini wakati wa theluji.

Jina langu ni Ketill. Nilifundisha hesabu katika shule ya hapa miaka thelathini na minane, na tangu 1985 mimi ndiye mpima theluji wa kijiji. Kwenye mteremko kuna nguzo saba zilizopakwa rangi kila nusu mita. Nazisoma kwa darubini, naandika katika daftari, kisha naitaja namba kwa simu kwa ofisi ya hali ya hewa. Siku hizi kuna mitambo inayofanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi, lakini nguzo bado zipo na mimi bado nazisoma. Zamani kanuni ilikuwa hivi: nguzo ya tatu ikizidi mita mbili na nusu huku upepo ukivuma kutoka kaskazini-mashariki, nyumba zote zilizo juu ya mstari zinahamwa. Mstari huo ulikuwa kwenye ramani, na mimi nilishiriki kuuchora. Tuliupitisha sambamba na ukuta wa mawe wa zizi la mzee Oddur, chini yake kidogo, kwa sababu katika kumbukumbu za watu wote tuliowahoji hakuna poromoko la theluji lililowahi kuuvuka ukuta ule.

Oddur na mkewe Jóna waliishi nyumba namba kumi na mbili, juu ya mstari. Dada yangu Unnur aliishi namba kumi na nne, chini ya mstari. Umbali kutoka mstari hadi ukuta wa jiko lake ulikuwa mita kumi na moja. Niliupima mwenyewe kwa tepu.

Tarehe 18 Januari 1992 nguzo ya tatu ilisoma mita mbili na sentimita themanini. Alasiri nilizipigia simu familia tisa zilizo juu ya mstari zihame. Kwa desturi yetu, anayehama hulala kwa jirani wa karibu aliye upande salama. Upepo ukiwa mkali, hakuna anayetaka kumtembeza bibi wa miaka sabini kijiji kizima. Oddur na Jóna niliwaelekeza kwa Unnur. Walivuka njia wakiwa na mto mmoja na chupa ya chai.

Poromoko lilishuka saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano alfajiri. Lilifuata korongo dogo ambalo halikuwa na nguzo, likaiacha namba kumi na mbili bila hata kioo kilichopasuka, likaibeba namba kumi na nne. Walikufa Unnur, mwanawe Högni wa miaka tisa, Oddur na Jóna. Baba wa watoto, Eyvindur, alikuwa baharini na meli ya uvuvi. Alirudi, akazika, baada ya wiki tatu akapanda meli nyingine, na hakuishi nchi kavu tena majira ya baridi hadi alipofariki. Hrefna, aliyekuwa na miaka saba, alichimbuliwa saa mbili na robo usiku, baada ya saa kumi na tatu na dakika hamsini. Waokoaji walimpata kwa sababu alikuwa akigonga kwa kijiko bomba la joto, lile la maji ya moto linalopasha nyumba.

Tulimlea mimi na Dagný. Dagný alimwita Mama. Mimi alitaka kuniita Baba alipofika miaka kumi. Nilimwambia kwamba baba yake yupo hai na mimi ni mjomba. Hiyo ilikuwa kweli.

*

Walifika kwa ndege ya mchana, tarehe 23. Salka, mtoto wake, alikuwa na miaka sita, na alikuwa na maswali mengi kuhusu darubini. Siku ya pili tuliongozana dukani wote watatu. Bessi, mvuvi mstaafu ambaye hukaa pale karibu na mashine ya kahawa kutwa nzima, alinitania kama anavyonitania kila siku.

"Mwalimu, nguzo zinasemaje leo? Tulale na suruali au bila?"

Watu wakacheka, nami nikamjibu kama kawaida kwamba kwa usalama wa umma yeye avae daima. Hrefna hakucheka. Alikuwa akichagua jamu, na aliendelea kuchagua jamu ileile kwa muda mrefu. Nilikumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba tangu siku alipochimbuliwa hajawahi kulala bila suruali, soksi na sweta, na kwamba alipokuwa kwetu viatu vyake vilikaa kitandani, upande wa ukutani, vimefunguliwa kamba tayari. Tulikuwa tunabadilisha shuka kila Jumamosi kwa sababu ya mchanga. Mambo mengine pia tuliyazoea. Hakuweza kukaa chumba kimoja na mashine ya kufulia ikizunguka. Hakuvumilia kitu usoni, hata taulo. Akiwa kidato cha pili alizimia darasani mwangu mwalimu mwenzangu alipofunga mapazia kuonyesha filamu. Niliyaandika yote hayo kwa daktari, kwa tarehe. Sikuwahi kukaa naye nikamuuliza anafikiria nini.

Jioni hiyo Dagný alikwenda kumlaza Salka. Aliporudi alikaa mbele yangu na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto, kabla ya kufumba macho, aligonga bomba la joto mara tatu kwa kucha. Dagný alimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Salka akasema, kama mtu anayeeleza kwa nini tunapiga mswaki, kwamba ni ili watu wajue yupo.

"Hrefna anaapa hajawahi kumwambia," Dagný alisema. "Hajui chochote yule mtoto. Anajua bibi yake alikufa zamani, basi. Amejifunza kwa kumsikia mama yake ukutani."

Dagný alinitazama kidogo, kisha akaenda kutandika kitanda cha pili cha chumba cha wageni, ambacho hakuna mtu angekilalia. Hufanya hivyo kila Januari. Nitaeleza sababu.

*

Tarehe 25 mbingu ilikuwa safi. Saa sita Dagný alikuwa mbele ya jiko na kikaango cha zamani, na rundo la chapati lilikuwa limeanza kupanda. Salka alikuwa sebuleni juu ya kiti, darubini yangu shingoni, akilinda pengo la milima. Hrefna alifunga mlango wa jikoni nusu, bila kuufunga kabisa, akaketi upande wangu wa meza.

"Mjomba, nina neno la kukuambia," alisema. "Halafu ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Mwanasaikolojia wangu amesema nilisemee hapa, si kule kwake."

Nikamwambia aseme.

Alieleza kwa utaratibu. Nilimfundisha mimi kueleza kwa utaratibu. Jioni ile, alisema, mama yake aliwaambia kwamba anampigia simu mjomba, na kama mjomba atakubali watahamia kwetu wote, na wazee pia. Yeye hakutaka. Kwetu hakukuwa na televisheni chumbani, na Högni angechukua kitanda cha juu. Kwa hiyo mama yake alipokuwa kwenye simu, alichukua buti zake akazificha nyuma ya mashine ya kufulia. Baadaye alimsikia mama yake akizungukazunguka, akifungua kabati na kufunga. Akajua anatafuta buti. Akanyamaza. Halafu akapitiwa na usingizi, na alipoamka hakukuwa na nyumba.

"Tulichelewa kwa sababu yangu," alisema. "Kila mtu ananiambia nilikuwa nimelala, sikumbuki vizuri. Ninakumbuka vizuri. Ningesema tu buti ziko wapi, tungekuwa hapa. Högni angekuwa na miaka thelathini na sita."

"Ulikuwa na miaka saba," nilisema.

"Ndivyo wanavyosema wote. Hata yule wa Reykjavík. Ninamlipa aniambie umri wangu."

Dagný alikuwa ameacha kumimina unga. Hakugeuka. Chapati iliyokuwa kwenye kikaango ilianza kuungua pembeni, na Dagný hajawahi kuunguza kitu.

Sentensi ile niliyosema ilikuwa ya kweli, na ningeweza kusimama hapo. Hrefna angeshukuru, angekula, angepanda ndege kesho yake, na tungeendelea kupigiana simu kila Jumapili. Ni yeye na Salka tu tulio nao. Sisi hatukujaliwa mtoto. Nililihesabu hilo nikiwa nimekaa pale. Nilihesabu pia miaka: ishirini na saba. Muda huo wote kulikuwa na mtu mmoja aliyejua buti zile hazikuhusika, na mtu huyo alimfundisha mtoto huyu kugawanya sehemu kwenye meza hiyohiyo.

Nikainuka, nikaenda kwenye kabati la chumba changu, nikarudi na daftari la theluji la majira ya baridi ya 1991 na 1992. Lile la asili. Baada ya maafa tume ya uchunguzi iliomba kumbukumbu zangu, na mimi nikawapa nakala: kurasa kumi na nne, mwandiko safi, kila kipimo cha nguzo, upepo na joto. Mstari mmoja sikuunakili. Nilijiambia kwamba si kipimo. Mwenyekiti wa tume aliponiuliza kama kuna makazi chini ya mstari yaliyoamriwa kuhama, nilijibu kwamba hapakuwa na amri ya namna hiyo. Hakuuliza kama kuna aliyeomba.

Nikalifungua mbele yake ukurasa wa tarehe 18. Mwandiko ni wangu, kalamu ya risasi.

*Saa 1:40 usiku. Unnur kapiga simu. Anauliza waje kwangu, yeye na watoto na Oddur na Jóna. Nimemwambia hakuna haja, yuko nje ya mstari, m. 11. Kakata 1:43.*

Hrefna alisoma. Akasoma tena akifuata kwa kidole, kama mtoto.

"Alikuomba," alisema.

"Aliniomba."

"Ukamwambia asije."

"Nilimwambia hakuna haja."

"Usinifanyie hivyo, Mjomba. Ukamwambia asije."

"Ndiyo."

Aliuliza kwa nini. Nilimweleza kilichokuwa kichwani mwangu saa ile, si nilichokipata baadaye. Nilikuwa nimezitoa familia tisa majumbani mwao kwa mstari ule. Kama ningemruhusu dada yangu ateremke akiwa chini ya mstari, mtaa mzima ungesema mwalimu haamini ramani yake, au mwalimu anawaokoa wa kwao kwanza. Niliona ni haki. Nilikuwa na furaha kidogo, hata, kwamba nimekuwa mkali kwa damu yangu kama kwa wengine. Na Dagný alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akaninong'oneza niwaambie waje tu. Alikuwa ameshatandika vitanda viwili chumba cha wageni kabla sijamaliza kuzungumza. Nilipoweka simu chini alivitazama vile vitanda, akaviacha hivyohivyo. Asubuhi vilikuwa bado vimetandikwa.

Hrefna aligeuka kumtazama Dagný. "Na wewe Mama ulijua."

"Nilijua," Dagný alisema, akiwa bado ametupa mgongo. "Nilimngoja aseme yeye. Nimengoja vibaya."

Kisha Hrefna akauliza swali ambalo, nafikiri, ndilo alilolifuata bila kujua.

"Kwa hiyo buti. Hakuna aliyezitafuta?"

Hapo nilikuwa na ukweli wa kumpa, na nilimpa wote. Mama yake alikata simu saa moja na dakika arobaini na tatu. Poromoko lilishuka saa kumi na dakika arobaini na mbili baadaye. Kabati alizokuwa anafungua na kufunga zilikuwa kabati za shuka: alikuwa na wageni wawili wa kuwatandikia, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia walale kwake. Hakuna aliyekuwa akijiandaa kutoka. Buti zingekuwa mlangoni, zingekuwa mguuni, isingebadilisha kitu.

"Hakuna aliyezitafuta," nilisema. "Usiku ule hakuna aliyehitaji viatu."

Aliweka viganja vyote viwili juu ya ukurasa. Hakulia. Alikuwa akipumua kwa mdomo, polepole, kama walivyomfundisha hospitali alipokuwa mdogo, na nikajikuta nahesabu pumzi zake.

"Limetoka," Salka alipiga kelele kutoka sebuleni. "Mama, njoo, limetoka."

Mwanga uliingia kupitia mlango ulioachwa wazi nusu, ukafika kwenye mguu wa meza. Ni Dagný aliyekwenda. Tulimsikia akimwambia mtoto asiliangalie kwa darubini, atapofuka, na mtoto akibisha kwamba jua lenyewe ni dogo. Mimi na Hrefna tulibaki tumekaa dakika zote nne.

"Ulikuwa unanisikia nikilia usiku chumba kile," alisema mwishoni. "Unakuja, unawasha taa, unaniambia theluji imefika sentimita ngapi, unazima. Mimi nilikuwa nakuonea huruma, unajua? Nilikuwa najisemea, Mjomba amefiwa na dada yake kwa sababu yangu, na bado ananiwashia taa."

"Sikujua kuhusu buti."

"Hukuuliza."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Waliondoka kwa ndege ya asubuhi. Hrefna alimkumbatia Dagný kwa muda mrefu. Mimi alinipa mkono. Daftari aliliweka ndani ya begi la mtoto, kati ya nguo, bila kuniomba, na mimi sikumwambia kwamba kwa kanuni ni mali ya kijiji. Alisema atapiga simu, hajui lini, na nisimpigie yeye.

Jumapili ya kwanza haikulia simu, wala ya pili, wala ya tatu. Dagný aliitoa ile shuka ya kitanda cha pili akaifua, akaikunja. Mezani alikuwa ananipa chakula na kuniambia ni cha moto, basi. Niliiandikia barua ofisi ya hali ya hewa, nikieleza mstari ulioachwa katika nakala ya mwaka 1992. Walinijibu kwa adabu kwamba mafaili ya tume yalishafungwa, na wakanishukuru kwa usahihi wangu.

Tarehe 22 Februari upepo uligeuka kaskazini-mashariki na theluji ikaanza kwa nguvu. Kufika saa tisa alasiri nguzo ya tatu ilikuwa imepita mita mbili na nusu. Nyumba zilizo juu ya mstari mpya, uliochorwa baada ya maafa, ni za kukaliwa kiangazi tu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuhamishwa. Niliitajia ofisi ya hali ya hewa namba hiyo, nikaweka simu chini. Ikalia papo hapo.

"Nguzo ya tatu inasoma ngapi?" Alikuwa Hrefna. Hakusalimia.

"Mbili na sitini na tano."

"Upepo?"

"Kaskazini-mashariki. Mita ishirini na nne kwa sekunde."

Nyuma yake nilisikia maji yakimwagika katika sinki, na Salka akiuliza kama ni mjomba wa darubini. Hrefna akamwambia ndiyo, nyamaza kidogo.

"Nyumba yenu iko umbali gani chini ya mstari?"

"Mita mia mbili na kumi. Na kuna ukuta wa kinga siku hizi, Hrefna. Umejengwa kwa hesabu nzuri. Hakuna haja ya..."

Nilijisikia nikilisema. Nikakoma.

Maji upande wake yalifungwa.

"Tokeni," alisema. "Nendeni mkalale shuleni, wewe na Mama. Sikuulizi kama kuna haja."

Nilitazama dirishani. Nguzo ya kwanza ilikuwa bado inaonekana, nyingine zilikuwa zimemezwa. Kwa kila kipimo nilichokuwa nacho, nyumba yangu ilikuwa salama, na kijiji kingeniona nikiburuta begi barabarani, mimi mpima theluji, nikiwa mita mia mbili na kumi nje ya mstari. Bessi angekuwa na la kusema dukani hadi Pasaka.

"Sawa," nilisema.

"Mkifika, piga. Piga kwa simu ya shule, nione namba."

Dagný alikuwa ameshasimama kwenye korido. Alikuwa amevaa koti, na mkononi alikuwa na mfuko wenye shuka za vitanda viwili. Alisogeza buti zangu kwa mguu hadi zikafika mbele yangu, nami nikainama kuzivaa.